Binti wa Makaa na Mapaja Arobaini ya Kondoo

Joho! Ndilo tuliloliacha likivutwa wiki iliyopita, katikati ya daraja la Mto Tweed, saa nne za asubuhi, mvua ikinyesha bila huruma. Ncha moja ilikuwa mkononi mwa Ami Josiah Garbutt. Ncha nyingine ilikuwa shingoni mwa Dorothea, na Dorothea mwenyewe alikwisha anza kubadilika rangi.

Kwa yule aliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, mambo ni haya. Dorothea Garbutt ana miaka ishirini na mashimo saba ya makaa ya mawe aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mashimo hayo hawezi kuyagusa mpaka aolewe. Hadi siku hiyo, yeye na makaa yake wako chini ya Ami Josiah, na Ami ameshamtafutia mume anayefaa sana, yaani mwanawe mwenyewe, Ambrose.

Uingereza, msichana wa miaka ishirini haolewi mlezi wake asipokubali. Ng'ambo ya daraja, Skotilandi, mlezi haulizwi kitu. Ndiyo maana Dorothea alitoroka kwa kupitia dirisha la chumba cha kufulia pamoja na Ninian, Lodi wa Swinlaw, mtu mwenye ukoo wa miaka mia nne na jozi moja ya buti. Na ndiyo maana gurudumu la gari lao la kukodi liliamua kuvunjika juu ya daraja, lilipogonga jiwe la mpaka na kulipita kidogo tu. Magurudumu hayana adabu.

"Umepatikana," alisema Ami Josiah, akivuta. Alikuwa na uso wa kiranja aliyekuta mkate chini ya godoro la mwenzake.

"Nimepatikana mimi au joho?" alisema Dorothea kwa sauti iliyobaki.

"Wote wawili."

"Basi tugawane. Joho ni lako." Akabonyeza kifungo cha shingoni. Joho likaachia. Ami Josiah, aliyekuwa akivuta kwa nguvu zake zote na uzito wake wote, na uzito wake haukuwa mdogo, alikwenda kinyumenyume na kukaa katikati ya dimbwi.

"Livae, Ami!" Dorothea alipiga kelele, huku ameshapanda juu ya gari lao lililovunjika. "Linakupendeza!"

Ninian alikuwa upande wa pili amenyoosha mikono. Dorothea aliruka, akadakwa, wakakimbia.

Alipogeuka mara moja tu kutazama nyuma, Dorothea aliona jambo ambalo hakulielewa. Gari la Ami lilikuwa limesimama nyuma ya lao, kubwa, jeusi, lenye nafasi ya watu wanne. Ambrose, ambaye huvaa skafu mtu akifungua dirisha tu, alikuwa amekaa nje, kando ya mwendesha farasi, analowa na kupiga chafya. Mapazia ya gari yalikuwa yamefungwa kabisa. Ni nani huyo wa kukaa ndani, hata mwana wa mwenye gari akae mvuani?

Pazia likatikisika. Lakini mtu anayekimbia kwenda kuolewa hana muda wa mapazia.

Kijiji cha Lintmuir kiko mwisho wa daraja, na siku zote kinaishi kwa wachumba wanaotoroka. Akitokea kijana na binti wenye matope magotini, wanakijiji humiminika barabarani wakiwagombea: njooni kwangu, mimi naozesha haraka, kwangu kuna na supu! Asubuhi hiyo hakutoka mtu. Madirisha yalifungwa moja baada ya jingine. Na kutoka kila nyumba, siku ya kazi, saa nne asubuhi, ilitoka harufu ya nyama ya kondoo wa kuoka.

"Leo ni sikukuu gani?" aliuliza Dorothea, akihema.

"Hakuna sikukuu," alisema Ninian. Pua yake, ambayo haikuwa imekula tangu jana, ilikuwa ikitazama huku na huku peke yake.

Waliingia kwenye nyumba ya geti la ushuru na kupiga komeo. Mtoza ushuru, mjane Elspeth Purves, alikuwa jikoni mwake amefunga aproni. Mama huyu ameozesha Waingereza zaidi ya mia tatu, mara nyingi bila kuacha kukoroga chungu. Mezani pake palikuwa na paja zima la kondoo.

"Tuozeshe," alisema Dorothea.

"Leo hatuozeshi."

"Mbona?"

"Leo Lintmuir yote ni kipofu, mwanangu. Na kiziwi." Elspeth alilionyesha lile paja kwa kijiko. "Jana mchana lilikuja gari limejaa mapaja ya kondoo. Arobaini. Kila nyumba moja. Tukaapa juu ya Biblia, leo hatuoni mtu akioa wala hatusikii mtu akiolewa. Ami yako ni mtu wa heshima zake. Hata mchuzi alileta."

Dorothea aliketi kwenye kiti cha karibu. Amekimbia usiku na mchana, ameacha joho, ameacha kiatu kimoja, na ameshindwa na kondoo asiye na kichwa.

Ninian alijinyoosha. Buti lake la kushoto lilikuwa la marehemu baba yake na la kulia la marehemu mjomba wake, kwa hiyo hakunyooka sawasawa. "Elspeth Purves! Umesahau mimi ni nani? Mimi ni Lodi wa Swinlaw!"

"Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana nilitaka kukuuliza kama umekula."

"Babu yangu alimtunza babu yako!"

"Babu yako alimpa babu yangu jogoo mmoja. Kilema." Elspeth alikata kipande kinene cha nyama na kumsogezea. "Shika. Hiyo haina kiapo."

Ninian aliitazama ile nyama. Ile nyama ikamtazama. "Nyama ya hongo siigusi," alisema, akameza mate kwa kishindo kilichosikika hadi chumba cha pili. Dorothea akampenda upya, hapohapo, mbele ya mchuzi.

Nje, buti zilianza kusikika zikija kwenye matope. Ami Josiah alikuwa ameshaliparamia gari lililovunjika na kulivuka.

"Mama Elspeth," alisema Dorothea haraka, "hapa Skotilandi ndoa inataka nini hasa?"

"Haitaki kanisa. Haitaki karatasi. Mwanamume aseme, mwanamke aseme, watu wawili wasikie. Basi. Mimi na jirani yangu ndio huwa tunasikia."

"Watu wa namna gani?"

"Wenye masikio."

"Ni lazima wapende kusikia?"

Kijiko cha Elspeth kilisimama ndani ya chungu. "Miaka ishirini na mmoja nimekaa hapa," alisema polepole, "hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

"Nakuuliza mimi."

"Macho yana kope, mwanangu. Masikio hayana."

Mlango ulitikisika kwa ngumi. "Dorothea! Fungua! Nakuhesabia!"

"Twende," alisema Ninian, ameshika mkono wake. "Kuna dirisha la nyuma. Kuna mashua za wavuvi pale chini, nazijua zote, tunateremka na mto, tunapita msituni..."

"Ninian."

"... tunafika Swinlaw kabla ya jioni. Paa linavuja lakini kuna chumba kimoja ambacho..."

"Ninian, mimi nimechoka na madirisha." Dorothea alisimama. Alivua na kile kiatu kilichobaki, ili asimame sawasawa, akakiweka mezani kando ya mchuzi. "Nyumbani kwetu nimetoka kwa dirisha kama paka. Sitaolewa kama paka. Unayakumbuka maneno yako?"

"Yapi?"

"Uliyoyakariri njia nzima mpaka farasi wakachoka."

"Nayakumbuka."

"Basi ukisikia nimemaliza yangu, yaseme yako mbio. Kama sala ya chakula ikisemwa na mwenye njaa."

Elspeth alikuwa tayari mlangoni, mkono kwenye komeo, na uso mtakatifu kabisa. "Niliapa nisione wala nisisikie," alisema. "Kuhusu kufungua mlango sikuapa. Nifungue, nisifungue?"

"Fungua," alisema Dorothea.

Ami Josiah aliingia na matope hadi kwenye nyusi, wigi limegeukia sikioni, lile joho amelishika kwapani. Nyuma yake alikuja Mchungaji Pibworth, mwembamba, miwani yake minene imejaa ukungu. Mchungaji huyu ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kusema uongo. Amekwisha poteza parokia mbili kwa ajili hiyo. Ya kwanza, askofu alimuuliza kama mahubiri yalikuwa mazuri. Ya pili, mke wa tajiri alimuuliza kuhusu kofia. Na Ami Josiah alimchagua kwa sababu hiyohiyo, maana ndoa ya Dorothea na Ambrose ikiandikwa na Pibworth, hakuna jaji Uingereza nzima atakayethubutu kuitilia shaka.

"Ambrose, baki mlangoni," alifoka Ami bila kugeuka. "Usiwaingizie watu matope." Yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya mkeka wa Elspeth.

"Ndiyo, baba," ilijibu chafya kutoka kizingitini.

"Sasa, mtoto wa kaka yangu." Ami alitabasamu. "Piga kelele ukitaka. Ita mashahidi. Kijiji kizima kimeshiba nyama yangu. Hapa huna wa kukusikia."

"Sina?"

"Huna hata mmoja."

"Wewe je, Ami? Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia vizuri sana, tena punguza sauti."

"Na Mchungaji ananisikia?"

"Vizuri kabisa, binti yangu," alisema Mchungaji, akipangusa miwani.

"Na huyu niliyemshika mkono mnamwona?"

"Tunamwona, bahati mbaya," alisema Ami Josiah. "Na viraka vyake vyote. Kwa nini una..."

"Mimi, Dorothea Garbutt, mwenye akili timamu na asiye na joho, namchukua huyu Ninian kuwa mume wangu, leo hii, saa hii, mbele yenu."

"Na-mimi-Ninian-namchukua-huyu-Dorothea-kuwa-mke-wangu-leo-hii-saa-hii-mbele-yenu," alisema Ninian kwa pumzi moja, na kabla hajavuta ya pili akawa ameshachomeka kitu cha baridi kidoleni mwa Dorothea.

Ilikuwa pete ya shaba, nene, pana kidogo.

"Ya pazia," alinong'ona, masikio yamemwiva. "Pazia la kitanda cha bibi yangu. Kitambaa tulishashona mashati. Zilikuwa nane."

"Na zile saba?"

"Zilipotea," alisema Ninian haraka.

Dorothea alicheka. Hakuna almasi iliyowahi kumchekesha hivyo.

Ilimchukua Ami Josiah muda kuelewa. Uso wake ulipita rangi tatu. Kisha akafanya jambo la ajabu kwa mtu mzima: alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Sikusikia!" alinguruma. "Mimi sikusikia kitu! Mchungaji, toka nje!"

"Nimeshasikia, Bwana Garbutt. Nikitoka sasa nitapata mvua tu."

"Utasema hukusikia!"

"Siwezi."

"Nitakupatia parokia! Kubwa! Yenye bustani!"

"Nitaipoteza, Bwana Garbutt," alisema Mchungaji kwa huzuni. "Unanijua."

Ami alishusha mikono. Alianza kuhesabu kwa vidole, na alipofika kwenye kidole cha kwanza, akasimama. Tabasamu likarudi. "Mmoja," alisema. "Shahidi mmoja. Wewe mama, ulisikia?"

"Nilisikia nini?" alisema Elspeth.

"Safi. Mimi sikusikia, mama huyu hakusikia, amebaki Mchungaji peke yake. Na mmoja si wawili! Ndoa hakuna! Kusanya kiatu chako, Dorothea."

Dorothea aliukaza mkono wa Ninian. Alimtazama Elspeth. Elspeth aliitazama Biblia iliyokuwa juu ya kabati, akatikisa kichwa. Kiapo ni kiapo, hata kikiwa na mchuzi.

Chungu kilitokota.

"Baba," ilisema sauti ya mafua kutoka mlangoni. "Na mimi nilisikia."

Wote waligeuka. Ambrose Garbutt, miaka thelathini na minane, mkusanyaji wa ndege waliokaushwa, alikuwa amesimama kizingitini akichuruzika maji kama jani la kabichi.

"Wewe ulikuwa nje!"

"Nilikuwa mlangoni. Ulisema nibaki mlangoni." Akapiga chafya. "Nimesikia lake, na la yule bwana pia, ingawa lile la yule bwana lilikwenda mbio kidogo."

"Ambrose! Unajua unachosema? Huyo ndiye mke wako!"

"Ndiyo, baba," alisema Ambrose, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimtazama baba yake machoni. "Ndiyo maana nasema."

Elspeth Purves aligonga chungu kwa kijiko kama kengele ya kanisa. "Sikuona kitu, sikusikia kitu," alitangaza, "na hongereni sana, wanangu!"

"Asante, Ambrose," alisema Dorothea.

"Usijali, dada. Wewe una mume, mimi nina bundi." Akafuta pua. "Afadhali iwe hivyo."

Sasa Ninian akaichukua ile nyama. Aliichukua kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea cheti. "Ami," alisema mdomo ukiwa umejaa, "karibu Swinlaw wakati wowote. Njoo na mwavuli. Wa kutumia ndani."

Dorothea alimgeukia Ami Josiah akiwa peku, amelowa, na pete ya pazia kidoleni. "Mashimo saba, Ami. Kesho utanikabidhi funguo. Na kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuwapandisha juu wale watoto unaowachimbisha makaa chini ya ardhi. Ulisema wanawake hawajui makaa. Nimezaliwa kwenye vumbi lake, wewe umekuja kula tu."

Mtu mwingine angepiga meza. Ami Josiah hakupiga. Alivuta kiti, akaketi. Akavua wigi lake, akalikamua maji sakafuni kwa Elspeth. Akajikatia kipande cha paja. Akatafuna. Kisha, wasomaji, akacheka.

Kicheko hicho Dorothea hakukipenda.

"Umemaliza?" aliuliza Ami. "Nimekuacha useme yote, maana arusi ni mara moja. Mchungaji, wewe hujui uongo. Ndivyo ulivyotumika hapa. Basi endelea hivyohivyo. Mwambie bibi harusi, ndani ya gari langu yumo nani?"

Mchungaji Pibworth alivua miwani. Alianza kuipangusa, ingawa haikuwa tena na ukungu.

"Nilikuomba usiniulize hilo, Bwana Garbutt."

"Nakuuliza."

"Si mahali pake."

"Mchungaji, ndani ya gari langu, ambamo mwanangu hakupata nafasi kwa heshima ya mgeni, yumo nani?"

"Mama mmoja," alisema Mchungaji. Kila neno alilitoa kama mtu anayeng'oa jino. "Anaitwa Isobel. Ni mke wa Lodi wa Swinlaw."

"Lodi gani?" aliuliza Dorothea.

"Ninian. Ndilo jina lililomo kwenye kitabu cha kanisa langu la kwanza. Miaka sita iliyopita. Nilifungisha mwenyewe." Aliinamisha kichwa. "Siku ile miwani yangu ilikuwa imevunjika, uso wa bwana harusi siwezi kuapia. Lakini mwandiko wangu naujua."

Nyama ilianguka kutoka mkononi mwa Ninian. Ilianguka juu ya buti la mjomba wake na kubaki hapo.

Dorothea alimgeukia. Ninian alikuwa mweupe kama unga.

"Sema si kweli," alisema Dorothea.

"Dora, mimi..."

"Maneno mawili, Ninian. Si. Kweli. Leo umesema mengi zaidi kwa pumzi moja."

Ninian alitazama nje, kuelekea darajani. "Usiufungue mlango wa gari lile," alisema.

Ami Josiah alijipangusa vidole kwa joho la Dorothea. "Mtu ana mke mmoja tu," alisema kwa upole, kama mwalimu anayerudia somo kwa mjinga. "Kama anaye, hapa leo hapakufungwa ndoa. Kama hapakufungwa ndoa, wewe bado ni msichana wa miaka ishirini, na mlezi wako ni mimi. Upande huu wa daraja sina amri. Upande ule ninayo yote."

"Mwite aje hapa."

"Hashuki. Amesema hawezi kulowa kwa ajili ya mwanamume. Na gari langu, unavyoona, limezuiwa na lenu. Limekwama upande wa Uingereza." Akatabasamu na mafuta mdomoni. "Unataka kumuuliza? Mfuate."

Dorothea alitoka.

Alitembea peku kwenye matope ya Lintmuir, na nyuma ya kila dirisha kipofu alijua kuna macho. Ninian alimkimbilia, akamshika mkono. "Dora, twende Swinlaw. Nakusihi. Nitakueleza kila kitu njiani."

"Njia nzima kutoka nyumbani ulikuwa na nafasi ya kunieleza. Ulikariri."

"Niamini."

"Nimekuamini mbele ya watu wanne na paja la kondoo. Sasa nataka kujua." Akautoa mkono wake, si kwa hasira, lakini aliutoa.

Alilipanda gari lililovunjika na kuteremka upande wa pili. Mbele yake lilikuwa jiwe la mpaka. Baada ya jiwe, hatua nne. Baada ya hatua nne, mlango mweusi wenye pazia.

Alisimama, vidole vya miguu vikigusa jiwe. Nyuma yake Ami Josiah alikuwa akija bila haraka hata kidogo, joho mkononi, kama mtumishi anayeleta taulo.

"Dorothea, usivuke!" alipiga kelele Ambrose kutoka kijijini, sauti ikipasuka kwa mafua. "Ndicho anachotaka!"

"Najua!" alijibu Dorothea.

"Dora, usifungue!" alilia Ninian.

Alijua na hilo. Miaka ishirini alikuwa akiambiwa na wanaume asimame wapi, na mlango upi si wa kufungua. Baba alimwambia. Ami alimwambia. Sasa na huyu, ambaye Dorothea ndiye aliyemposa, kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ndiye pekee asiyewahi kumwambia.

Alivuka.

Hatua moja. Mbili. Pazia likatikisika. Tatu. Nyuma yake alisikia kiatu kizito cha Ami Josiah kikikanyaga jiwe. Nne. Alishika kitasa kwa mikono yote miwili, akavuta.

Ndani palikuwa pakavu na palinukia mkate wa tangawizi. Mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa amekaa akifuma soksi ya kijivu. Alimtazama Dorothea kuanzia nywele zilizolowa hadi miguu isiyo na viatu, kisha macho yake yakatua kwenye mkono uliokuwa bado umeshika kitasa. Akaweka sindano chini na kunyoosha wake.

Kidoleni mwake kulikuwa na pete ya shaba, nene, pana kidogo.

"Ingia, mwenzangu, unalowa," alisema, akisogeza uzi ampe nafasi. "Na wewe alikwambia zile saba zilipotea?"